Kompresa ya plasma uani kwako: pima hewa kabla ya kununua tangi

Swali limetoka kwa fundi kijana wa Katuba, Lubumbashi:

"Jambo yaya. Mimi ninatengeneza milango, grili na vitanda vya chuma uani kwetu. Nimepata mashine ya kukata kwa plasma, yaani moto wa umeme unaopulizwa kwa hewa, ya ampea 40. Kibandiko chake kinadai hewa yenye presha ya baa 5, lita 150 kwa dakika. Sasa ninatafuta kompresa. Dukani nimeona mbili, zote za nguvu za farasi 2, moja ina tangi la lita 50 na nyingine la lita 100. Muuzaji anasema ya lita 100 ndiyo ya plasma. Halafu kuna jirani yangu wa kwado, anaziba tairi barabarani, anataka kuniuzia yake ya injini ya petroli. Pampu yake ina silinda mbili na mkanda, lakini tangi ni chupa ya zamani waliyoichomelea wenyewe. Umeme wetu ni wa nyaya mbili, swichi kuu ya nyumba ni ya ampea 32, na jioni volti zinashuka mpaka 185. Bati ninalokata ni la milimita 2 hadi 6. Nichukue ipi?"

Jambo mdogo wangu, na asante kwa kuniletea namba. Mtu akiniuliza kompresa gani ni nzuri, akaishia hapo, sina la kumwambia. Wewe umetaja baa, lita, ampea na volti, na hizo nne zinatosha kukuchagulia. Twende nazo moja moja, tukianzia kwa muuzaji wako, kwa sababu alichokuambia ndicho kinachowapotezea mafundi wengi pesa.

Fikiria pipa lililowekwa chini ya bomba linalotoa uzi mwembamba wa maji. Ukileta pipa kubwa zaidi, bomba haliongezi hata tone. Utachota kwa muda mrefu zaidi kabla pipa halijakauka, kisha utasubiri kwa muda mrefu zaidi lijae. Kwenye kompresa, pampu ndiyo bomba na tangi ndilo pipa. Zile mbili za dukani zina pampu ileile na mota ileile, kwa hiyo hewa ni ileile.

Ni hewa kiasi gani? Kwenye kompresa za farasi 2 ambazo pampu imefungwa moja kwa moja kwenye mota, kibandiko kwa kawaida husema lita 200 hivi kwa dakika. Usiiweke mezani namba hiyo bila kuuliza ni lita za wapi. Kwa vibandiko vya Kifaransa angalia kama wameandika *aspiré* au *restitué*. La kwanza ni hesabu ya nafasi ambayo pistoni inapita, yaani hewa ambayo pampu ingevuta kama ingekuwa haina kasoro. La pili ni hewa inayotoka kweli ikiwa na presha. Kwa pampu ndogo za bei ya kawaida, kinachotoka ni kama asilimia 60 ya kinachoandikwa. Lita 200 zimekuwa 120.

Halafu kuna jambo ambalo kibandiko kilichochapishwa pwani ya China hakiwezi kulijua: Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Pistoni inavuta ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa pungufu. Zile 120 zinabaki 105 hivi, na mashine yako inataka 150.

Sasa tuone uani inakuwaje. Presostati, kile kisanduku chenye kitufe chekundu juu ya tangi, huzima mota kwenye baa 8 na kuiwasha tena presha ikishuka kwenye baa 6. Watu wanasahau hili: tangi likiwa limejaa, pampu imelala. Unaanza kukata, na mpaka sindano ya manometa, kile kipima presha, ifike 6 unakula akiba peke yake. Kwa tangi la lita 50, kushuka kutoka baa 8 hadi 6 ni lita 100 za hewa, yaani sekunde 40. Hapo mota inaamka, inaleta 105 huku wewe ukitoa 150. Ukifika baa 5.5 presha haitoshi tena kwenye tochi ya kukatia, kwa sababu mpira wa hewa na kichujio vinakula nusu baa njiani. Kipande hicho cha mwisho kinakupa sekunde 33. Jumla umekata sekunde 73, na kujaza tena kunachukua sekunde 71. Ukichukua tangi la lita 100, unakata sekunde 147 na kusubiri sekunde 143. Siku nzima utakuwa umekata nusu ya muda na kusimama nusu ya muda, tangi lolote utakalochagua.

Simaanishi kwamba farasi 2 haifai kitu. Pambo la grili lenye umbo la ua unalikata kwa sekunde 10 au 20, unageuza bati, unachora, unapumzika. Kompresa nayo inapumzika au inajaza. Kwa kazi ya namna hiyo itakutumikia. Itakuchosha siku ya kukata bati la milimita 6 kwa mstari mrefu, mita baada ya mita.

Hata hivyo tatizo lako kubwa liko kwenye nyaya, na ninafurahi ulitaja swichi kuu. Mashine ya plasma ikikata kwa ampea 40, safu ya moto inabeba volti 96 hivi. Hiyo ni kilowati 3.8 kwenye tochi. Ukiongeza zinazopotea ndani ya mashine, ukutani inavuta ampea 25 hadi 30 za volti 220. Volti zikishuka, inverta iliyo ndani ya mashine inavuta ampea zaidi ili ipate nguvu ileile. Kwa volti 185 unazoniambia, mashine peke yake inaweza kupita ampea 32. Mota ya farasi 2 inataka 9 au 10 juu yake, na wakati wa kuanza kuzunguka inaruka hadi 50 au 60 kwa muda mfupi. Swichi yako itajikata, na ikijikata inafanya kazi yake. Usidanganywe na mtu atakayekuambia uweke kubwa zaidi bila kubadilisha waya ulio ukutani. Swichi ile iliwekwa kulinda waya, na waya unaopata moto ndani ya dari ya mbao hautoi taarifa.

Mota nayo inaumia. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya namna hii inakwenda kwa mraba wa volti. Ukitoka 220 kwenda 185, volti zimepungua asilimia 16 tu, lakini nguvu ya kuzungusha imepungua karibu asilimia 30. Mota inanguruma, haizunguki, inanuka, na baada ya wiki chache unapeleka kwa fundi wa kusuka waya. Ukiongeza waya wa upanuzi ndiyo mbaya kabisa. Mita 25 za waya wa milimita 1.5 mraba zinakula zaidi ya volti 30 wakati mota inapoanza. Kama kompresa ya umeme ni lazima ikae mbali, refusha mpira wa hewa na uache waya uwe mfupi. Na sikiliza kitu kimoja kila mota inapozima: lazima presostati itoe "pshii" fupi. Ile ni hewa ya juu ya pistoni inaachiwa ili mota ianze bila mzigo. Isipolia, mota itaanza huku inasukuma baa 8, na kwa umeme wetu wa jioni haitaweza.

Kwa hiyo ukiwa na kompresa ya umeme katika nyumba yako, njia ya salama ni kujaza tangi, kuzima kompresa, kukata kwa akiba, kisha kuzima plasma na kujaza tena. Hapo, na hapo tu, tangi kubwa lina maana: lita 50 zinakupa sekunde 50 za kukata, lita 100 zinakupa sekunde 100. Muuzaji amesema kweli kwa sababu ambayo hakuijua.

Ndiyo maana, kati ya zote tatu, mimi ningeanza kwa kuitazama ile ya kwado.

Najua inaonekana chafu. Lakini fikiria: inaondoa kompresa kabisa kwenye swichi yako ya ampea 32, umeme wote unabaki wa plasma. Pampu ya silinda mbili inayozungushwa kwa mkanda huzunguka taratibu, kama mara 1,000 kwa dakika au chini yake, wakati ile iliyofungwa kwenye mota inazunguka karibu mara 2,850. Inapata moto kidogo, inatoa hewa yenye joto pungufu, na ukiihudumia inaishi miaka. Injini ya petroli nayo inapoteza nguvu kwa mwinuko wetu, kama asilimia 12, lakini injini za kwado huwa na nguvu za ziada kuliko pampu inavyohitaji.

Tangi ndilo silitaki. Nitalirudia mbele.

Kwanza pima pampu. Kipimo hiki ningependa kila fundi akijue, kwa sababu hakihitaji kibandiko wala ahadi ya mtu. Chukua tangi ambalo ujazo wake unajulikana, lenye kibao cha kiwanda, hata la kuazima, ufunge pampu hapo. Funga bomba la kutolea hewa. Washa. Sindano ikipita baa 4 anza kuhesabu sekunde kwa simu yako, ikifika baa 7 simamisha. Umeongeza baa 3. Zidisha 3 kwa lita za tangi, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 60. Kwa tangi la lita 50 umeingiza lita 150. Ikichukua sekunde 86, pampu inatoa 105 kwa dakika. Ikichukua sekunde 40, inatoa 225. Punguza asilimia 5 hivi kwa sababu hewa ya moto tangini inapandisha sindano kidogo. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mwinuko wa Lubumbashi, uchovu wa pistoni, na volti za siku hiyo vyote vimo ndani ya jibu. Huhitaji kuhesabu asilimia yoyote. Kifanye dukani pia, mbele ya muuzaji. Mwenye kompresa nzuri hatakukatalia.

Wewe tafuta 210 hadi 225, yaani karibu mara moja na nusu ya zile 150. Ziada hiyo si anasa. Tochi inaendelea kupuliza sekunde kadhaa baada ya kila mkato ili ipoe, fitingi zitavuja, pampu ya pistoni haipendi kuzunguka bila kupumzika, na joto la Oktoba linapunguza pumzi yake.

Kwenye ya petroli angalia kitu kimoja zaidi. Injini haizimi ikifika baa 8, kwa hiyo lazima kuwe na vali inayoifanya pampu izunguke bila mzigo tangi likijaa. Kama jirani yako ameiondoa, na anategemea vali ya usalama ipige kelele kila mara, basi vali hiyo ya usalama imechoka na siku moja itakwama. Weka mpya zote mbili.

Sasa tangi. Tangi la lita 100 lenye baa 8 limebeba nishati inayotosha kuinua gari la tani moja hadi urefu wa mita 10. Wakati linafanya kazi vizuri hatuioni. Likipasuka, nishati yote inatoka kwa mara moja pamoja na vipande vya chuma, na fundi kwa kawaida yuko mita mbili kutoka hapo. Chupa ya zamani iliyochomelewa ina udhaifu palepale kwenye mshono, kwa sababu chuma kilipashwa moto na kupozwa bila mpango, na ndani maji yanakula sehemu ya chini mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Chupa za gesi ya friji za kutumiwa mara moja ni mbaya zaidi, ni nyembamba kama debe.

Na ninakuomba hili kwa sababu wewe ni fundi wa kuchomelea na mkono wako utawasha: usichomelee tangi la hewa kamwe. Likianza kutokwa jasho chini, au ukiona tundu dogo kama la sindano, usitie kiraka. Tundu lile ni tangazo kwamba sehemu yote ya chini imeliwa. Litupe.

Kwa hiyo mwambie jirani yako unanunua injini na pampu, tangi abaki nalo, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Kisha tafuta tangi la kiwanda lenye kibao kinachosomeka: ujazo, presha ya kazi, mwaka. Kama limetumika, lipime kwa maji kabla ya hewa. Lijaze maji mpaka juu kabisa, hewa yote itoke, kisha sukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani baa 12 kwa tangi la baa 8, uliache dakika 30. Maji hayabanwi kama hewa. Tangi likishindwa litachuruzika tu. Usifanye jaribio hili kwa hewa hata kama mtu atakuambia ni haraka zaidi.

Tukifika kwenye maji, ndipo penye siri ya plasma nzima.

Masika ya kwetu, kuanzia Novemba hadi Machi, hewa ya siku yenye unyevu mwingi inaweza kubeba hadi gramu 20 za maji katika kila mita ya ujazo. Ukikata saa moja kwa lita 150, umepitisha mita 9 za ujazo, na ndani yake mna gramu 180 za maji. Ukiibana hewa hiyo hadi baa 8, ujazo wake unakuwa kama mita moja tu, na mita moja ya hewa ya nyuzi 30 haiwezi kushika zaidi ya gramu 30. Gramu 150 zinageuka maji. Hiyo ni zaidi ya nusu glasi kila saa, na itaingia tangini, au mpirani, au kwenye tochi. Ni wewe utakayeamua iishie wapi.

Ikifika kwenye tochi utaijua. Moto unatema mate, unapasuka-pasuka, mkato unakuwa na meno, na mavi ya chuma yanagandia chini ya bati. Elektrodi ya tochi ni shaba, na kwetu shaba tunaijua vizuri, lakini angalia ncha yake: kuna kidoti kidogo cha madini ya hafini. Kidoti hicho ndicho kinachoshika mzizi wa moto, kwa sababu hafini inavumilia oksijeni na nitrojeni ya hewa kwenye joto ambalo shaba ingeyeyuka. Maji na mafuta vinakila kidoti hicho, kinachimbika shimo, kisha moto unahamia kwenye shaba na elektrodi imekwisha. Mdomo wa mbele nao unapanuka upande mmoja, na mkato unaanza kwenda mshazari. Fundi anasema vipuri ni vibovu, wakati ni hewa inayovila.

Niliwahi kubadilisha elektrodi kila siku mbili mwezi wa Januari, nikiwa na kichujio kizuri cha kutenga maji. Kosa lilikuwa ni mahali nilipokiweka: palepale kwenye mdomo wa kompresa. Hewa ikitoka hapo bado ina joto, na maji yake bado ni mvuke. Kichujio kinakamata matone, mvuke unapita bila kusumbuliwa. Kisha ukiwa njiani mpirani unapoa, unakuwa maji, na hakuna tena kitu cha kuukamata. Nilikihamishia mwisho wa bomba, karibu na mashine, na vipuri vilevile vikaanza kudumu.

Kwa hiyo poza kwanza, halafu kamata. Na hapa injini yako ya petroli inakusaidia bila kutaka. Cheche za plasma zinaruka mita kadhaa, kwa hiyo injini na petroli yake lazima vikae mbali, nyuma ya ukuta, upande ambao moshi wake hauingii nyumbani wala hauvutwi tena na pampu. Umbali huo unakulazimisha kuweka bomba refu, na bomba refu la chuma ndilo kipoza hewa cha bei ndogo kuliko vyote. Chukua mita 8 au 10 za bomba la galva la nusu inchi, ulipitishe ukutani kwenye kivuli, likiinama kidogo, sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mwisho. Mwishoni shusha kipande kinachoning'inia chenye bomba la kumwagia chini yake. Maji yataenda humo. Hewa ya mashine uitoe kwa juu ya bomba, ipande kwanza kabla ya kushuka, ili maji yasiifuate. Baada ya hapo weka kitenga maji, kisha kichujio cha mafuta, kwa sababu pampu yenye mafuta hutoa ukungu wake, na mwisho kidhibiti presha. Fuata mpangilio huo: vichujio kabla ya kidhibiti, kwa sababu hewa ikiwa kwenye presha ya juu ndipo maji yanapokubali kutoka.

Usitumie bomba la plastiki la PVC. Kwa maji linafaa, kwa hewa linapasuka vipande kama glasi.

Kuna watu wanaongeza chupa ya jeli ya silika mwishoni. Ni nzuri kwa masika, lakini ikae ya mwisho kabisa. Ukiiweka mahali inapopigwa na maji matupu itakufa kwa siku moja. Ikibadilika rangi, ikaushe kwenye tanuri ya mkate kwa nyuzi 120 hivi kwa saa mbili au tatu, irudishe.

Tangi limwage kila jioni, likiwa bado na presha kidogo. Dakika moja. Katika kiangazi, Mei hadi Septemba, maji yatapungua sana na utajaribiwa kuacha. Badala yake utakuwa na vumbi jekundu, na hilo linaingia kupitia kichujio cha kuvutia hewa, kwa hiyo kifungue kila wiki ukipulize. Asubuhi za baridi za Juni na Julai mafuta ya pampu yanakuwa mazito. Izungushe dakika mbili tatu ukiwa umeacha bomba la tangi wazi, kisha ufunge. Mafuta yenyewe yawe ya kompresa, ya daraja la 100. Usiweke mabaki ya mafuta ya gari.

Mpira wa mwisho unaoingia kwenye mashine uwe na tundu la milimita 8 au 10. Wengi wanafunga ule mwembamba wa kupulizia tairi kisha wanashangaa. Na presha uirekebishe wakati hewa inatoka. Manometa inaonyesha 5 ikiwa imesimama, ukibonyeza tochi inaanguka hadi 3.5, na kwa 3.5 mdomo wa tochi haupoi, unayeyuka. Bonyeza kitufe cha kujaribu hewa, acha ipulize, zungusha mpaka isome 5 ikiwa inapuliza. Usipandishe hadi 7 kwa kudhani utakata haraka. Presha kubwa inapuliza moto mpaka unazimika au hauanzi.

Jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini najua uani kwa mafundi wetu chupa za oksijeni ziko karibu. Siku kompresa itakapogoma, mtu atakushauri uunganishe oksijeni. Usikubali. Tochi yako imetengenezwa kwa hewa, oksijeni tupu itakula kile kidoti cha hafini kwa muda mfupi sana, na mabaki ya mafuta ya kompresa ndani ya mpira yakikutana na oksijeni yenye presha yanaweza kuwaka yenyewe mkononi mwako.

Na kama pampu ya kwado ikishindwa kipimo, ikatoa 130 au 140 tu? Basi usiinunue kwa huruma ya ujirani. Rudi dukani uchukue ile ya farasi 2 ya lita 100, ufanye kazi kwa mtindo wa kujaza, kuzima na kukata, kazi nzito uziweke asubuhi volti zikiwa juu, na jioni ushushe plasma hadi ampea 25 kwa bati la milimita 2. Ya farasi 3 yenye mkanda ingekupa hewa ya kutosha, lakini kwa volti 185 itakusumbua kuanza, labda uwe na jenereta, na jenereta ya kubeba plasma na kompresa pamoja isiwe chini ya kVA 10. Hiyo ni bei nyingine kabisa.

Mwombe jirani akuruhusu kuipima Jumamosi, ukiwa na tangi la kuazima la lita 50. Ikitoka baa 4 hadi 7 kwa sekunde 40, mlipe. Hata ikichukua 43 mlipe. Ikipita 50, mrudishie pampu yake, msalimie, uende dukani.